Hapana ya Mjumbe wa Darrow

Mtu wa Darrow, mji mdogo wa jimbo la Vermont kule Marekani, akikwambia kwamba Claudette Yandow alitaka siasa tangu utotoni, anakudanganya, na huenda anajidanganya mwenyewe. Claudette alitaka kuendesha basi la shule, akaliendesha. Alitaka kuolewa na Armand Yandow, akaolewa naye, na mwisho akamzika, maskini, mwaka ule mto ulipofurika ukaondoka na daraja. Siasa ilimpata kama mafua yanavyompata mtu: alikaa mno karibu na wenye nayo.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, juu kidogo ya kanisa, mtoto wa nne wa baba aliyezungumza Kifaransa na ng'ombe na Kiingereza na benki. Ng'ombe waliuzwa yeye akiwa bado msichana. Baba yake alisimama uani akiwatazama wakipandishwa kwenye lori, kisha akaingia ndani kunywa kahawa, na habari ya ng'ombe haikutajwa tena nyumbani mwao. Pengine ndiyo maana Claudette alikua akiwa mtu wa kusema. Kimya alishakiona kinavyomla mtu.

Basi alilishika akiwa na miaka ishirini na kitu. Barabara za juu za Darrow si barabara, ni ugomvi: Januari barafu, Machi matope ya kumeza gurudumu zima, Juni vumbi. Alizipita zote. Alijua kila nyumba imeamkaje kwa kumtazama tu mtoto anavyopanda ngazi za basi, na mtoto aliyepanda na macho mekundu alikuta kiti cha nyuma ya dereva kimeachwa wazi kwa ajili yake.

Tatizo lilikuwa Juni. Shule ikifungwa, na mshahara unafungwa. Dereva, mpishi, mfagiaji na akina mama wanaowasaidia walimu darasani, wote huambiwa kwaherini, tuonane Septemba. Mpasua mbao akisimamishwa msimu anapata mafao ya kukosa kazi. Mwashi naye, theluji ikimzuia, anapata. Ila watu wa shule, hapana, kwa sababu sheria inasema hawajakosa kazi, wako likizoni. Likizo gani hiyo, aliuliza Nadine Prouty, ambayo mtu anaimaliza akisugua vyoo vya moteli kule ziwani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nadhani walioandika sheria ile walikuwa wameshakula.

Nadine alikuwa mpishi mkuu wa shule ya Darrow na rafiki wa Claudette tangu walipokaa dawati moja. Ndiye aliyemwambukiza siasa. Mjumbe wao wa zamani alikuwa ametangaza kustaafu na hakuna aliyejitokeza kuchukua nafasi, na Jumamosi moja marafiki hao wawili walikuwa kwenye dampo la mji, ambako ndiko Darrow nzima hukutana, kila mtu na takataka zake.

"We Claudette, si ugombee wewe? Mdomo unao."

"Mdomo hata wewe unao."

"Mimi nikifika kule nitawarushia bakuli. Wewe umezoea kelele za watoto, hutaona tofauti."

Basi akagombea. Kampeni yake yote aliifanyia pale pale dampo, kila Jumamosi, akiwasaidia watu kushusha chupa na magazeti huku akiwaeleza habari ya Juni. Akashinda. Alisema mwenyewe kwamba nusu ya mji ilimpigia kura kwa hofu, maana aliwabeba wakiwa wadogo na anakumbuka nani alikuwa akitapika.

Montpelier, makao makuu ya jimbo, haikumpa ofisi. Mjumbe wa Vermont hana ofisi. Ana kiti, na ana kidroo kilichojaa karatasi. Chumba cha kulala alikipata kwenye nyumba ya mjane mmoja, akigawana jiko na sebule na mjumbe mwingine, Everett Colburn wa Pike Hollow, mfugaji mkubwa wa umri na wa mwili, Republican kutoka unyayoni hadi kofia. Claudette alikuwa Demokrat. Walikubaliana siku ya kwanza kwamba siasa iishie mlangoni penye mabuti, wakavunja makubaliano hayo kabla ya chakula kuiva. Hata hivyo kila jioni walicheza karata, na kila jioni Everett alimwita "Bi Dereva," naye akamwita "mzee wa samadi," na mjane mwenye nyumba aliwaambia majirani kwamba amepata wapangaji wazuri, wanagombana kwa adabu.

Muswada wake ulikuwa mmoja tu: watu wa shule wanaolipwa kwa saa nao wapate mafao wakati wa kiangazi. Ulikaa kamatini majira mawili ya baridi. Aliambiwa asubiri, akasubiri. Aliambiwa alete watu wa kutoa ushahidi, akamleta Nadine, ambaye aliwaeleza wanakamati habari ya magoti yake mpaka mmoja wao akaanza kusugua ya kwake. Na Everett, haki yake apewe, hakupinga kwa ubaya.

"Nani atalipa?" alikuwa akimuuliza huku anagawa karata. "Shule. Shule inalipwa na nani? Kodi ya nyumba. Na kodi ya nyumba inalipwa na nani? Nina bibi kizee Pike Hollow, ana nyumba kubwa na hana senti. Huyo nimwambie nini?"

"Mwambie anayempikia mjukuu wake supu naye anakula kiangazi."

"Hilo si jibu, Bi Dereva."

"Ni jibu. Hulipendi tu. Cheza."

Muswada ulitoka kamatini Machi, wakati barabara zinayeyuka na moshi unafuka kwenye kila kibanda cha kuchemshia utomvu wa mti wa mepo uwe sharubati. Ulipangiwa kura Alhamisi. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya miswada kuvuka kwenda Seneti, na usiovuka umekufa.

Jumapili kabla ya kura hiyo Nadine alikuwa amempitia Claudette nyumbani. Hakuvua koti.

"Kuna ghala New Hampshire, ng'ambo ya mto," alisema. "Wananipa kazi ya mwaka mzima, kupanga maboksi. Nimeambiwa nijibu Ijumaa."

"Maboksi, Nadine? Wewe?"

"Boksi halilii likikosa chakula, najua. Lakini siwezi kiangazi kingine, shoga yangu. Magoti yamekataa. Muswada wako ukipita, nabaki jikoni. Usipopita, naenda zangu, na usinililie."

Alhamisi Nadine alikuja Montpelier na wapishi wenzake wawili, wameomba ruhusa, watoto wameachiwa sandwichi. Walikaa juu kwenye roshani ya wageni, mabuti yao yametapakaa matope ya Darrow, wametulia kama watu waliofika kanisani mapema. Claudette aliwapungia mkono. Kisha akatazama ukumbini: viti vitatu vya upande wake vilikuwa vitupu. Wajumbe watatu, wote wa milimani, walikuwa wamekwama matopeni. Meredith Sprague, mwanasheria kijana aliyekuwa na kazi ya kuhesabu kura za chama chao, alikuwa anapita kati ya viti na uso wa mtu aliyepoteza funguo.

"Tuahirishe hadi kesho," Claudette alimnong'oneza.

"Nimeomba. Wamekataa. Tupambane hivyo hivyo, mama."

Baraza lile la Wawakilishi halina mashine ya kura. Karani husimama akaita majina kutoka herufi ya kwanza, na kila mtu hujibu kwa mdomo wake mbele ya wote. Yandow lilikuwa jina la mwisho. Upande wa kina Everett ulileta marekebisho, moja baada ya jingine: madereva waondolewe, sheria ianze baada ya miaka mingi, iundwe kamati ya kuchunguza, na kila mtu anajua kamati ya kuchunguza huchunguza jambo mpaka likafa. Kila rekebisho likaitiwa majina. Kila mara Claudette alingoja orodha nzima ipite, kisha akajibu "Hapana!" kwa sauti ya kumwita mtoto ashuke kwenye mti. Hapana hizo ndizo zilizouokoa muswada. Marekebisho yote yalianguka, mawili kati ya hayo kwa sababu Warepublican kadhaa nao hawakuyapenda, na saa ya chakula ilishapita zamani.

Ndipo Spika akauliza swali lenyewe: je, muswada upite? Karani akaanza tena, Adams, Aldrich, Atwood. Claudette alikuwa amechoka mpaka kwenye nywele. Aliinua macho akamwona Nadine ameegemea ukingo wa roshani, mikono imefumbatana chini ya kidevu, na akamfikiria akipanga maboksi. Akasikia, "Yandow wa Darrow."

"Hapana!" akasema.

Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na hao hawakuwahi kuona kura ya kuitwa majina. Hakujua alichosema. Aliketi kama mtu aliyefanya lake. Spika, naye amechoka, akasoma mara moja: waliosema ndiyo sitini na tisa, waliosema hapana sabini na wawili, muswada umeanguka. Mjumbe wa kiti cha nyuma akamgusa bega.

"Claudette, umesema nini wewe?"

Hapo sauti yake mwenyewe ikamrudia masikioni. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Matokeo yakishatangazwa, kura haibadilishwi. Kuna aliyecheka kwa mbali, kicheko kifupi cha pua, na Claudette alitamani sakafu ile ya mbao ipasuke.

Aliwakuta wapishi kwenye ngazi, wanafunga makoti.

"Nadine, nimekosea. Ulimi tu. Walahi nimekosea."

"Najua umekosea. Nakujua." Nadine hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na ungeanguka hata hivyo, nilikuwa nahesabu. Lakini nimekuja kwenye matope yote yale nikusikie ukisema ndiyo, Claudette. Hata tukishindwa. Nilitaka nikusikie tu."

Claudette alimshika mkono wa koti, kisha akauachia.

"Twende," Nadine aliwaambia wenzake. "Kesho ni Ijumaa na nina supu ya kupika."

Claudette alitembea mpaka nyumbani kwa mjane bila kufunga koti. Alikuta Everett jikoni, anapasha maharage, mgongo wake umejaza mlango.

"Umetuweza, bibie," alisema bila kugeuka.

"Nani kamweza nani?"

"Usinichezee. Nimekaa Baraza lile miaka mingi, nimeona kila aina ya sungura, lakini wewe! Na ule uso uliouvaa! Nilikaribia kukupa leso."

"Everett, sema unachosema au unipe maharage. Sina nguvu ya mafumbo leo."

Akageuka na mwiko mkononi. Alikuwa amekasirika kweli.

"Kanuni. Jambo lililokwisha kupigiwa kura linaweza kurudishwa siku inayofuata, ila anayeomba lirudishwe lazima awe alisimama na walioshinda. Wenzako wote walisema ndiyo. Wote wameshindwa, hawana ruhusa hata ya kukohoa. Upande wetu hakuna atakayeomba. Sasa amebaki nani? Mtu wa mwisho kwenye orodha, anayesikia kila kura kabla ya kutoa yake, ameona imezama, akarukia kwetu. Kesho wale watatu wanatoka matopeni, na yeye anasimama kama malaika. Nasema umetuweza."

Claudette aliketi. Alimtazama Everett, akatazama maharage, akamtazama Everett tena.

"Mimi?" akasema. "Mimi ninaweza kuurudisha?"

"Endelea kuigiza."

"Everett, nimekosea. Nilisema hapana siku nzima, mdomo ukazoea. Sikujua hiyo kanuni ipo."

Everett alicheka kicheko kikavu. Alimpakulia maharage, maana chakula ni chakula, lakini jioni ile karata hazikugawiwa.

Claudette alikula mpaka akakwangua sahani. Tangu ngazi zile za Baraza alikuwa anajiona mtu aliyemwaga maji, na maji yakimwagika hayazoleki. Kumbe yaliingia kwenye ndoo. Alitaka kumpigia Nadine saa ile ile, akashika simu, akaiweka. Alishampa matumaini mara moja wiki hii.

Asubuhi Meredith Sprague alimdaka kwenye kahawa, macho yanang'aa.

"Mama, wewe ni moto! Mbona hukuniambia?"

"Sikukwambia kwa sababu nilikosea."

Meredith akamvuta pembeni karibu na makoti.

"Sikia. Hilo neno usilitoe humu ndani. Wote wanaamini ulipanga. Acha waamini! Ukisema ulikosea watakucheka mpaka Seneti, na jioni upo kwenye televisheni. Umeingia hapa wanakuita dereva. Leo kwa mara ya kwanza wanakuogopa."

"Na wale wetu wasiopenda hila?"

Walikuwepo, wanne au watano, watu wa miji midogo ambao walishasema waziwazi kwamba muswada wanautaka ila mchezo wa jana umewachefua, na hawatasaidia kuufungua mlango kwa hila. Watu wa huku husamehe mengi. Ujanja hawausamehi.

"Nitawabembeleza," Meredith alisema. "Wewe kaa kimya, uonekane una akili."

Ni kishawishi, tusidanganyane. Mwanamke aliyechekwa jana kwa pua, leo watu wanampisha mlangoni. Mimi ningekuwa yeye ningejipa angalau mpaka saa sita niufaidi. Claudette alikwenda kwenye kiti chake. Aliona wale watatu wa milimani wameketi, mmoja bado ana tope sikioni. Akasimama, akaomba ruhusa, akatoa hoja kwamba Baraza liufikirie upya muswada wa jana, kwa kuwa yeye alikuwa upande ulioshinda.

Ukumbi ukavuma. Everett Colburn akasimama taratibu, kofia mkononi. Kule ndani hakuna anayetajwa kwa jina lake, na hata wewe mwenyewe hujitaji. Unakuwa mji wako.

"Mheshimiwa Spika, naomba kumhoji mjumbe wa Darrow."

"Mjumbe wa Darrow anakubali kuhojiwa?"

"Anakubali, Mheshimiwa Spika."

"Mjumbe wa Darrow aliutetea muswada huu majira mawili. Jana akaupinga. Naomba alieleze Baraza, mbele ya wote, alifanya hivyo kwa mpango au kwa bahati mbaya?"

Meredith alikuwa anatikisa kichwa polepole, usiseme, usiseme. Claudette alitazama roshani. Haikuwa na mtu. Nadine saa hii alikuwa jikoni Darrow, na leo ndiyo siku ya kumjibu yule mtu wa ghala.

"Mjumbe wa Darrow alikosea, Mheshimiwa Spika," alisema. "Hakuwa na mpango wowote. Alisema hapana kwa marekebisho yenu yote, akachoka, na swali lenyewe lilipokuja ulimi ukaenda njia uliyoizoea. Kanuni hii hakuijua. Aliambiwa jana na mjumbe wa Pike Hollow, aliyekuwa anamtukana."

Baraza zima likacheka, na mbele yao aliyecheka sana alikuwa karani. Claudette alingoja kicheko kiishe. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto, lakini miguu ilikuwa imetulia.

"Chekeni, mnayo haki. Ila nisikilizeni kitu kimoja. Dereva wa basi la shule akipita kituo, mtoto akabaki amesimama kwenye theluji, huwa hatuulizani kama alipita kwa ujanja au kwa uzembe. Wala hakuna anayesema, ah, ameshapita, basi tena. Dereva anatafuta mahali papana, anageuza basi. Watoto wengine watachelewa, na watanuna. Anageuza tu. Ninaliomba Baraza hili ligeuze basi. Mkishageuza, mseme ndiyo au hapana mpendavyo, lakini kila mtu aseme alichokusudia. Na mimi nipewe nafasi ya kusema changu."

Aliketi. Everett bado alikuwa amesimama, amemtazama kwa muda mrefu, kama anavyomtazama ng'ombe mnadani.

"Mheshimiwa Spika, mjumbe wa Pike Hollow ameridhika," akasema. "Anaishi nyumba moja na mjumbe wa Darrow na anajua anavyocheza karata. Yule hana hata chembe ya ujanja. Mjumbe wa Pike Hollow alipaswa kulikumbuka hilo jana."

Karani akaita majina juu ya hoja ya kuufungua upya muswada. Everett alisema ndiyo. Wale wanne au watano waliochefuka walisema ndiyo, mmoja wao huku bado anafuta machozi ya kicheko. Mlango ukafunguka.

Kisha ikaja kura ya muswada wenyewe, jina kwa jina. Safari hii Everett alisema hapana, wazi na bila haya, kwa ajili ya bibi kizee wake, na Claudette alimwinamia kichwa. Orodha ikashuka taratibu. Mpaka karani alipofika mwishoni, wenye kuhesabu walikuwa wameshajua kwamba muswada umepita, kwa kura moja tu. Kwa hesabu, kura yake haikuhitajika tena. Ni yeye aliyeihitaji.

"Yandow wa Darrow."

Hakujibu. Alikuwa amelishika neno mdomoni kama mtu anayebeba yai kwa kijiko. Spika akasogeza miwani, na wote waliona anajizuia kucheka.

"Mjumbe wa Darrow? Asifanye haraka."

"Ndiyo!" Claudette alisema. "Ndiyo, Mheshimiwa Spika. Na akiulizwa tena kesho, ndiyo."

Makofi hayaruhusiwi ukumbini. Yalipigwa. Mjumbe wa matope sikioni alimkumbatia kwa nguvu mpaka akampaka shingoni, na Meredith Sprague, mwanasheria, alikuwa analia bila aibu na kusema kwamba hata yeye asingeweza kupanga vile.

Claudette alitoka nje kwenye ngazi, penye jua la Machi lisilo na joto, akapiga simu jikoni mwa shule ya Darrow. Iliita kidogo tu.

"Tumesikia," Nadine alisema, kabla hata hajasalimiwa. Nyuma yake palikuwa na kelele za masufuria na wanawake. "Tulikuwa tunasikiliza matangazo ya Baraza tangu asubuhi, kwenye simu ya yule msichana wa kuosha vyombo. Hakuna aliyekoroga chungu. Watoto wa watu wamekula supu ya baridi leo."

"Wamelalamika?"

"Wathubutu?"

Wakacheka wote wawili.

"Nadine, sikiliza. Bado Seneti. Bado gavana, na huyo simwelewi. Sitaki nikudanganye. Inaweza kufika Juni na mambo bado."

"Najua. Nitangoja nikiwa hapa hapa jikoni." Claudette alimsikia akivuta pua, kisha akifunika simu amkemee mtu kuhusu mkate. Akarudi. "Nimeshampigia yule mtu wa ghala."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia hapana," Nadine alisema. "Na hapana yangu mimi, shoga, niliikusudia."